Bwana Grzimek na Sokwe wa Rubondo

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu walikimbilia wafalme, mashujaa wa vita na viongozi wa nchi. Mimi nilikaa siku nne bila ya jina. Hatimaye nikamchagua Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, na najua wako watakaouliza kuna nini baina ya mtu huyo na sisi watu wa Kizota, tunaoishi karibu na maghala ya nafaka na vumbi la Dodoma. Naomba mnistahimilie nianze mbali kidogo, maana aliyenipeleka kwa bwana huyo ni nyani.

Mwaka jana tulifunga safari ya shule kwenda kutazama bustani moja ya wanyama. Katika tundu moja la vyuma palikuwa na nyani dume peke yake. Alikuwa akienda hatua tano upande huu, anageuka, anarudi hatua tano upande ule, tangu tulipofika hata tulipoondoka. Mara moja moja aliketi akaichambua mikono yake mwenyewe, nywele moja moja, mpaka pengine pakawa hapana nywele tena. Tulimcheka. Tulimrushia karanga, na alipoziokota tulicheka zaidi. Nami nilicheka, sitaki kujitoa.

Likizo ya Juni ilipofika nikaenda kwa bibi yangu, upande wa Mvumi, kumsaidia kazi za shamba. Kazi yangu ilikuwa kuamia, yaani kukaa juu ya jiwe na kufukuza ndege na tumbili wasimalize mtama. Yeyote aliyepata kuamia anajua jinsi saa zinavyokwenda polepole. Kwa kukosa la kufanya nikaanza kuwatazama wale adui zangu. Walikuwa kama ishirini hivi, wakilala katika miti ya bondeni na kuja mchana. Nikaona kwamba hawaji ovyo. Mmoja hupanda mahali pa juu akatazama, na wengine hula. Wakishiba huketi wawili wawili kivulini, mmoja amelala chali kama mtu aliye kwa kinyozi, na mwenziwe anamchambua manyoya. Kisha hubadilishana. Mtoto mchanga hupokewa na dada zake, akazungushwa huku na huku, mama akipumzika. Siku moja alipita tai mkubwa; mlio mmoja ukatoka, wote wakajitupa vichakani chini. Siku nyingine mlio ulikuwa wa namna nyingine kabisa, wote wakasimama kwa miguu miwili wakitazama majani, na nilipokwenda nikaona nyoka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu waliokaa Amboseli katika nchi ya Kenya walilithibitisha jambo hilo: tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na kila mmoja una maana yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule nyani wa kwenye tundu. Nikafahamu kwa nini alikuwa akijichambua mikono. Hakuwa na mtu wa kumchambua.

Niliporudi shuleni nikamweleza mwalimu wetu wa Biolojia. Hakusema mengi. Alifungua kabati akanipa kitabu kilichochakaa, kisicho na jalada, kilichoandikwa na Dakta Bernhard Grzimek juu ya mbuga ya Serengeti, akaniambia nimtafute huyo, kwa kuwa alikuwa bwana wa bustani ya wanyama kwa karibu miaka thelathini na mwisho wake amezikwa katika nchi yetu. Basi nimemtafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1909, katika mji wa Neisse, uliokuwa wa Ujerumani wakati ule na leo umo katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwanasheria, akafariki Bernhard angali mdogo sana. Tangu utoto alipenda kufuga, na hasa kuku. Alisoma udaktari wa wanyama katika Leipzig na Berlin, na alipomaliza serikali ilimpa kazi ambayo nadhani isingemfanya yeyote kuwa mashuhuri: mambo ya kuku, maradhi yao, na mayai. Aliandika hata vitabu juu ya kuku. Nawaambia haya wenzangu ambao nyumbani hutumwa kufunga banda jioni na kununa.

Lakini huyu daktari wa kuku alikuwa na moyo mwingine. Alitaka kujua mnyama anaona nini na anafahamu nini. Wakati wa vita kuu ya pili aliwekwa katika jeshi kuwa daktari wa wanyama, naye akatumia nafasi hiyo kuwajaribu farasi: je, wanatambua rangi, je, wanamjua mtu kwa sura au kwa nguo zake. Nyumbani kwake Berlin alipata kulea hata watoto wa sokwe.

Sitaficha sehemu ya maisha yake isiyopendeza. Mwaka wa 1937 aliandikwa katika chama cha Hitler. Baadaye alikana jambo hilo, nalo lilimletea taabu vita vilipokwisha. Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa mwaka wa 1945 polisi wa siri wa Hitler waliipekua nyumba yake kwa sababu alikuwa akiwapelekea chakula Wayahudi waliojificha, akalazimika kukimbia Berlin. Yote mawili ni mambo ya mtu mmoja. Mimi sikuweza kuyapatanisha, nikayaandika kama yalivyo.

Katika kukimbia huko ndipo alipofika Frankfurt. Mji ulikuwa magofu. Bustani ya wanyama ya mji huo, iliyoanzishwa mwaka wa 1858, ilikuwa imepigwa kwa mabomu mwezi wa Machi, 1944, na wanyama waliosalia wakubwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wakuu wa mji walifikiri kuifunga moja kwa moja. Grzimek, mwenye umri wa miaka 36, akashika usimamizi mwezi wa Mei, 1945, na kabla ya kwisha kwa Julai watu walikuwa wakiingia tena. Waliingia kutazama nini, na wanyama hawapo? Hapo ndipo akili ya bwana huyu ilipoonekana. Aliweka bembea, sarakasi, muziki na michezo ya kuigiza ndani ya bustani, watu wenye njaa na huzuni wakaja kucheka, na fedha za kiingilio zikanunua nyasi na nyama za wanyama. Alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1974.

Sasa natoka kidogo Frankfurt, niwapeleke London kwa dakika moja, ili ionekane shida iliyowakabili wote waliotaka kuwajua jamaa za nyani kwa kuwatazama bustanini. Mwaka wa 1925 bustani ya London ilijenga kilima cha mawe, ikatia humo karibu nyani mia wa aina ya hamadria, ambao kwao ni Ethiopia, Somalia na Arabuni. Karibu wote walikuwa madume, majike yalikuwa machache mno. Katika miaka michache iliyofuata madume yalipigana vita vya kutisha kugombea majike hayo, na wengi wakafa. Mtaalamu mmoja, Solly Zuckerman, aliwatazama akatoa kitabu mwaka wa 1932, na kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba hiyo ndiyo tabia ya nyani: ugomvi, wivu na mabavu. Miaka karibu thelathini ikapita kabla ya Hans Kummer wa Uswisi, aliyeanza naye kwa kutazama nyani wa bustani ya Zürich, kuwafuata hamadria Ethiopia kwenyewe. Akakuta kwamba huko kila dume ana jamaa yake, na dume mwingine kwa kawaida huiheshimu. Vita vya London vilitokana na wageni waliorundikwa mahali pamoja. Ni kama mtu aitazame kambi ya wafungwa, kisha aandike kitabu juu ya desturi za harusi.

Grzimek naye alikuwa na bustani, na hakuwa na kisingizio cha kutoyajua hayo. Mkewe, Bibi Hildegard, alilea watoto wa sokwe na wa gorila nyumbani mwao pamoja na watoto wake mwenyewe. Watoto hao walinyweshwa maziwa kwa chupa, walivalishwa nepi, walibebwa. Aliyemlea mtoto wa namna hiyo anajua kwamba maziwa pekee hayamtoshi. Akiwekwa chini peke yake hulia, akibebwa hunyamaza. Hung'ang'ania nguo ya mlezi kama vile angeng'ang'ania manyoya ya mama yake. Tena ilijulikana katika bustani nyingi kwamba jike aliyelelewa na watu, asipate kukaa na wenziwe, akizaa mara nyingi hajui afanye nini na mtoto. Umama kwa sokwe si jambo la damu tu, hufundishwa kwa kuona. Frankfurt ilipata sifa kwa nyani wakubwa: mwaka wa 1962 alizaliwa huko bonobo wa kwanza kuzaliwa nje ya misitu ya Kongo, na mwaka wa 1967 walizaliwa mapacha wa gorila, jambo ambalo halikupata kutokea katika bustani yoyote kabla ya hapo.

Lakini sokwe wa kwanza wa bustani ya Ulaya walitoka wapi? Hili ndilo lililonisumbua nilipokuwa nikisoma. Walitoka Afrika, na walitoka wangali wachanga, kwa sababu sokwe mzima hakamatiki kwa urahisi. Na mtoto hamwachi mama yake. Kwa hiyo kwa kawaida mwindaji alimpiga mama risasi, akamwambua mtoto kifuani pake. Mwaka wa 1951 Grzimek mwenyewe alisafiri mpaka Ivory Coast pamoja na mwanawe Michael, akarudi na sokwe kwa ajili ya bustani yake, akaandika na kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka wa 1954 walikwenda Kongo kutafuta okapi. Sisemi kwamba aliwapiga risasi kina mama. Nasema tu kwamba mtu aliyejaza matundu yake wakati ule alijua mnyama ametoka wapi.

Safari hizo zilimbadili. Aliona jinsi misitu ilivyokuwa ikikatwa na wanyama wakipungua, na aliporudi alianza kusema kwamba bustani za Ulaya hazitafaa kitu iwapo pori lenyewe litakwisha. Yeye na Michael walitengeneza sinema juu ya jambo hilo, ikaonyeshwa mwaka wa 1956 na kupata tuzo huko Berlin. Fedha zilizopatikana walikusudia kuzitumia kulinda Serengeti. Mwezi wa Desemba, 1957, baba na mwana waliruka kutoka Ujerumani kwa ndege yao ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakaja mpaka Tanganyika kuhesabu wanyama kutoka angani. Walipata wanyama wakubwa zaidi ya 366,000, na kati yao nyumbu walikuwa karibu laki moja. Leo nyumbu wa Serengeti wanahesabiwa kupita milioni moja.

Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa akirusha ndege hiyo peke yake. Tai mzoga akagonga bawa, ndege ikaanguka, Michael akafa. Umri wake ulikuwa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa shimo la Ngorongoro, na juu yake pamejengwa kaburi la mawe. Baba yake aliimaliza sinema waliyoianza wawili, nayo mwaka wa 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Kitabu alichonipa mwalimu ndicho kilichotoka pamoja na sinema hiyo.

Hapa naomba niingize neno. Grzimek aliamini kwa nguvu kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu wowote, hata wenyeji. Mwaka wa 1959 mipaka ya Serengeti ilibadilishwa na Wamasai waliokuwa wakichunga humo wakahamishwa, wakapewa kuishi Ngorongoro. Si yeye aliyetoa amri, serikali ya Kiingereza ndiyo iliyotoa, lakini maneno yake yalisikika duniani kote na yao hayakusikika. Nilipomsomea mwenzangu mmoja wa bwenini sehemu hii, ambaye kwao ni wafugaji, aliniuliza inakuwaje mtu aweze kuona upweke wa sokwe mmoja asione wa wazee waliohama na ng'ombe wao. Sikuwa na jibu. Nimelitia swali lake hapa kwa ruhusa yake.

Basi tufike Rubondo, ambako ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo.

Rubondo ni kisiwa katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, leo katika Mkoa wa Geita. Kina msitu mzito, na ukubwa wa nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 240. Hakuna simba humo wala chui. Katika miaka ya 1960 Wazinza waliokuwa wakivua na kulima migomba huko walihamishwa, na mwaka wa 1965 kisiwa kikafanywa pori la akiba. Chama cha wanyama cha Frankfurt, ambacho Grzimek alikiongoza, kikashirikiana na serikali yetu kupeleka huko wanyama mbalimbali ili wawe salama: vifaru, twiga, mbega, na baadaye ndovu. Na kati ya mwaka wa 1966 na 1969 wakapelekwa sokwe 17.

Tafadhali, msomaji, fikiri juu ya sokwe hao. Walikusanywa kutoka bustani na sarakasi za Ulaya. Wengi walikamatwa utotoni katika misitu ya Afrika Magharibi. Wengine walikuwa wamekaa katika matundu miezi michache tu, wengine miaka tisa. Chakula chao kililetwa kwa sinia kwa saa maalumu. Walizoea sakafu ya saruji, sauti za watoto, na joto la moto wakati wa baridi. Wengi hawakupata kujuana kabla ya safari. Hawakufundishwa lolote. Walifikishwa kisiwani, milango ya masanduku ikafunguliwa, na msitu ulikuwa pale.

Wako waliotazamia kwamba watakufa wote, na mimi, kama ningeulizwa, ningesema hivyohivyo. Mwanzoni mambo hayakuwa mazuri. Sokwe hawa hawakumwogopa mtu, kwa kuwa maishani mwao mtu ndiye aliyeleta chakula. Waliingia katika makazi ya askari wa wanyama, wakafuata watu. Sokwe dume mzima ana nguvu nyingi, na wawili walishambulia watu hata ikabidi wapigwe risasi. Hao wawili huwafikiria mara kwa mara. Walichukuliwa kutoka kwa mama zao na watu, wakafungiwa na watu, wakafunguliwa na watu, na walipomwendea mtu kwa njia waliyoijua, wakauawa.

Wale waliobaki wakafanya jambo la ajabu. Kwa muda wa kama mwaka mmoja walijifunza matunda yapi yanalika na wapi yanapatikana. Walianza kupinda matawi na kujitengenezea vitanda juu ya miti jioni, kama wafanyavyo sokwe wote wa porini, ambao kila usiku hulala katika kitanda kipya. Nani aliyewafundisha? Pengine wale waliokamatwa wakubwa kidogo walikuwa wakikumbuka vitanda vya mama zao, na waliokamatwa wachanga wakaiga. Walijikusanya, wakapata wakubwa wao na taratibu zao. Mwaka wa 1968 walionekana watoto waliozaliwa kisiwani, na mama zao, ingawa walitoka utumwani, waliwalea. Polepole wakaacha kuwafuata watu. Kisha wakaanza kuwakimbia.

Nimesoma juu ya kazi ya hayati Jane Goodall, aliyefika Gombe, Kigoma, mwaka wa 1960 na kufariki mwaka wa 2025. Yeye aliwaonyesha walimwengu jamii ya sokwe ilivyo pale ambapo haikuvunjwa: urafiki wa ndugu, mama anayesaidiwa na binti yake, dume anayepanda cheo na kushuka, hata vita na huzuni. Alikaa miezi mingi sokwe wakimkimbia kabla hawajamzoea. Rubondo ilikuwa kinyume chake. Huko sokwe walianza kwa kumzoea mtu, wakamaliza kwa kumkimbia, nayo jamii iliyokuwa imevunjwa ikajiunda tena yenyewe bila ya mtazamaji. Ndiyo maana hatuna habari zake za kila siku kama zile za Gombe. Majira ambayo ningetamani sana kuyasoma, yaani mwezi ule wa kwanza walipokaa wageni kumi na zaidi chini ya miti, hawajuani, kila mmoja akitazama ni nani wa kumchambua manyoya, ndiyo hayo yaliyopita bila daftari la kutosha.

Wataalamu wa siku hizi hawamsifu Grzimek bila ya sharti. Wanasema sokwe wale hawakuwa wa nchi hii, kwa asili walikuwa wa magharibi ya bara letu, na Rubondo haikupata kuwa na sokwe kamwe. Wanasema pia kwamba leo mnyama hafunguliwi porini hivihivi. Hupimwa maradhi kwanza, hufundishwa, huwekwa pamoja na wenziwe muda mrefu, huangaliwa baada ya kufunguliwa. Mwalimu wetu wa Biolojia ni wa upande huo. Alisema kwamba jambo likifaulu kwa bahati haliwi kanuni, nami nakubali, kwa sababu kama wangekufa wote kumi na saba tungemwita mkatili. Vifaru waliopelekwa kisiwani hawakupata bahati kama ile, majangili waliwamaliza.

Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka wa 1977. Grzimek wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu bustanini, lakini hakustaafu kusema. Kwa miaka zaidi ya thelathini, tangu mwaka wa 1956, alikuwa akitokea katika televisheni ya Ujerumani na mnyama hai pembeni, mara sokwe mdogo anavuta karatasi zake, mara duma, na mwisho wa kipindi akiomba fedha za kulinda wanyama wa porini. Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha. Siku moja alitangaza katika televisheni kwamba mtu aweza sasa kununua safari ya kutazama wanyama Afrika Mashariki kwa bei nafuu aliyoitaja. Safari hiyo haikuwapo, aliibuni tu. Watu wakaenda kwa wingi kuiulizia katika ofisi za safari, na wenye ofisi wakalazimika kuianzisha. Ulikuwa uongo, bila shaka, na sidhani mwalimu wa nidhamu angeusamehe.

Alifariki tarehe 13 Machi, 1987, Frankfurt, mwenye umri wa miaka 77. Alikuwa katika sarakasi pamoja na watoto, akitazama chui wakubwa wa milia wakicheza. Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyetaka wanyama wawe huru alikufa akiwatazama waliofungwa, na nadhani hakuwahi kuacha kupenda kuwatazama, popote walipokuwa. Majivu yake yaliletwa Tanzania, akazikwa Ngorongoro kando ya mwanawe Michael.

Mwezi wa Desemba nilipata bahati ya kwenda Chato kwa baba mdogo, anayefanya kazi ya ufundi wa mashua. Nilimwomba anipeleke mahali niione Rubondo. Tuliondoka alfajiri tukashuka mpaka ufukweni karibu na Kasenda, ambako boti za hifadhi huondokea. Hatukuwa na nauli ya kuvuka wala ya kiingilio, na baba mdogo hakuona sababu ya kulipa fedha kwenda kutazama nyani wakati nyani wako bure kila mahali. Nilijaribu kumweleza tofauti ya nyani na sokwe, akasema niendelee kusoma.

Kisiwa kilikuwa kirefu, cha kijani kilichoiva, na ukungu mdogo juu yake. Nikakaa juu ya mashua iliyopinduliwa nikakitazama kwa saa nzima. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, tuliyemwamkia, aliuliza tunatafuta nini. Nilipomwambia, alieleza kwamba waliowahi kuingia kule kwa kazi husimulia kuwa sokwe ni shida kuwaona. Siku hizi wenye hifadhi wanajaribu kuwazoesha ili wageni wapate kuwatazama, na kazi hiyo imechukua miaka mingi. Idadi yao imekwisha kupita mara mbili ya wale kumi na saba, na waliopo sasa ni watoto, wajukuu na vitukuu, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona tundu. Mara nyingi mgeni hutembea msituni kutwa, akaonyeshwa vitanda vya jana juu ya miti, akasikia makelele upande wa pili wa bonde, na anapofika hapo hukuta maganda ya matunda tu, mengine bado yamelowa mate.